Picha ya Thelathini na Saba

Jumamosi hiyo Waceke alibadilisha blauzi mara tatu, na mwanafunzi aliyekuwa akimngojea alikuwa mmoja tu.

Ya kwanza ilikuwa ya kijani, akaona inamfanya afanane na bawabu wa benki. Ya pili ilikuwa na kifungo cha kifuani kilichozoea kufunguka chenyewe. Hiyo aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akairudisha kabatini. Ya tatu ilikuwa ile ya samawati aliyovaa siku ya somo la nne, siku ambayo Haron alisema, bila kuulizwa na mtu, kwamba rangi hiyo inakubaliana na mwanga wa dirishani. Mwanamume akianza kukueleza habari za mwanga wa dirishani, ujue si dirisha analolitazama.

"Waceke," sauti ya mama yake ilimfikia kutoka sebuleni. "Mlango wa hilo kabati umelia mara sita. Unatafuta nguo au unatafuta panya?"

"Natafuta nguo, Mama."

"Ya kufundishia kamera?"

"Ya kufundishia kamera."

"Haiya. Sisi mwalimu wetu alikuwa na sketi moja, Jumatatu mpaka Ijumaa, na kusoma tulijua."

Waceke alivaa ya samawati. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mumewe alikwenda Kampala kununua tairi, miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita, na mpaka leo tairi hazijafika wala yeye. Inasemekana alioa huko. Waceke alilia wiki mbili, wiki ya tatu akaenda kuomba kazi kwenye gazeti, na huko ndiko alikofundishwa kamera hizi za dijitali zilipokuwa bado kubwa kama redio. Alipoacha kazi ya gazeti alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo wa duka moja kubwa pale Westlands: *Jifunze kamera ya dijitali. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja. Masomo sita. Kileleshwa.* Walikuja wake wa madaktari, akaja mchungaji, na mwezi wa pili mwaka huo wa 2006 akaja Haron.

Sasa Haron hakuwa mtu wa kufundishwa kupiga picha. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka thelathini na mmoja, katika studio ndogo ya mtaa wa Biashara, kwanza kama kibarua wa mzee Kailash, halafu kama mwenyewe, Kailash alipostaafu akaenda kuishi ng'ambo kwa mwanawe Rohan. Lakini kazi yake yote ilikuwa ya filamu. Wateja walianza kuingia wakiuliza, "Ile ya kuonekana papo hapo mnayo?" na akisema hana, wanatoka. Aliona haya kwenda darasani na vijana wenye suruali zinazoanguka. Ndipo alipoiona ile karatasi ya Westlands.

Somo la kwanza, Waceke alimwambia atoe kadi kwenye kamera. Haron alivua koti lake, akajifunika kichwa pamoja na kamera, akabaki humo ndani akipapasa na kupumua kwa nguvu.

"Bwana Haron, unafanya nini?"

"Natoa filamu, Mwalimu. Mwanga usije ukaichoma."

Waceke alicheka mpaka akashika friji. Haron akatoka kwenye koti, nywele zimesimama upande mmoja, akamtazama akicheka, naye akaanza kucheka taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu ambacho hajavaa siku nyingi. Alikuwa amefiwa na mkewe miaka sita nyuma. Siku hiyohiyo ndipo ugonjwa ulipowaingia wote wawili, na kila mmoja akadhani anaugua peke yake.

Mazoea mengine hayakumtoka. Kadi yake aliitunza ndani ya kikopo cheusi cha filamu, akakifunga kwa kifuniko. Na kila akipiga picha thelathini na sita, hata kama kadi ina nafasi ya mia nne, aliishusha kamera akasema, "Imekwisha," maana filamu zote alizozijua ziliishia hapo. Waceke alimsahihisha mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alianza kuingoja.

Kilichoharibu mambo kilikuwa neno moja. Somo la tatu, Haron alimweka Waceke karibu na dirisha, akainua kamera, akasema kama alivyowaambia watu wa Nairobi miaka yote: "Moja, mbili, usipumue."

Sebuleni, Bi Wamucii, mama yake Waceke, alikuwa akifuma vitambaa vya makochi. Magoti yalipoanza kumsumbua, Waceke alimtoa kwake Kinoo akamleta akae naye, na tangu masomo yaanze mama alikuwa akikaa kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango, kwa sababu, alisema, hapo ndipo penye hewa. Aliposikia hilo neno, sindano yake ilisimama. Haron alipoondoka alimwita binti yake akamwonyesha picha iliyotundikwa juu ya televisheni.

"Ni yeye," alisema.

"Yeye nani, Mama?"

"Aliyenifunga macho."

Picha hiyo Waceke aliijua tangu utoto. Ilipigwa mwaka wa 1979 mtaa wa Biashara, baba yake Maina na mama yake mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ngazi ya ndege. Maina amesimama wima, macho yamefunguka kama jogoo aliyesikia jina lake. Bi Wamucii amekaa kitini, mkoba mapajani, macho yamefungwa kabisa. Hawakupata kupiga nyingine. Maina alifariki, na hiyo ikabaki ndiyo picha pekee waliyokuwa pamoja.

"Wageni wakija wananiuliza marehemu ni yupi," Bi Wamucii alisema. "Wananionyesha mimi kwa kidole. Pasta mmoja aliwahi kuniombea nilale salama, na mimi ndiye nilimwekea chai."

"Mama, hiyo ni miaka ishirini na saba."

"Miaka ishirini na saba nimelala ukutani. Sikiza, Waceke. Mimi si kipofu, hata kama huyo mtu alinifanya hivyo. Naona unavyomtilia sukari. Kabila lake naweza kumsamehe, hakuchagua kuzaliwa Vihiga. Macho siwezi. Masomo yakiisha, asikanyage hapa tena."

Waceke hakuwahi kulivunja neno la mama yake. Alichofanya ni kuyarefusha masomo. Sita yakawa manane, manane yakawa kumi. Lakini la kumi lilikuwa leo, na hata yeye aliishiwa na cha kufundisha.

Kengele ililia saa nne kamili.

"Hamjambo hapa," Haron alisema mlangoni. Alikuwa amenyoa, na shati lake lilikuwa na mikunjo ya dukani bado. Aliinamisha kichwa kuelekea sebuleni. "Mama, shikamoo."

"Marahaba," Bi Wamucii alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Leo ni la mwisho?"

"Ndiyo, Mama."

"Mungu ni mwema."

Walikaa kwenye meza ya kulia, mbele ya kompyuta kubwa yenye mgongo. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi kidogo, kama kawaida. Haron alikitoa kikopo mfukoni akakiweka mezani, halafu akaitazama ile blauzi, halafu akakitazama kikopo tena.

"Kazi ya nyumbani umefanya?" Waceke aliuliza.

"Nimejaribu, Mwalimu. Lakini nimeshindwa tena. Vitu vinavyokimbia vinanitoka. Vyote vimekuwa ukungu."

"Bado?"

"Bado kabisa. Pengine ningehitaji masomo mawili zaidi. Au matatu."

Waceke alifungua kikopo akakigeuza juu ya kiganja chake. Zikaanguka kadi mbili.

Haron alinyoosha mkono haraka. "Hiyo nyingine haina kitu."

Hapo ndipo angemrudishia, kama angekuwa mwanamke mwingine. Waceke aliichukua hiyohiyo iliyokuwa haina kitu akaichomeka.

Picha zilifunguka moja baada ya nyingine. Mtoto anaruka dimbwi, matone ya maji yamesimama hewani moja moja kama shanga. Muuza ndizi anakimbiza kofia yake iliyopeperushwa, kofia iko juu, mkono uko juu, kati yao nafasi ya kidole. Njiwa wamefumuka mbele ya mnara wa kanisa, na kila unyoya ungeweza kuuhesabu. Waceke alikuwa ameona kazi za watu wengi pale gazetini. Alirudi kwenye ya kwanza akaitazama tena.

"Nani amepiga hizi?"

"Rafiki yangu mmoja. Anaitwa Tobias."

"Tobias."

"Ni mpiga picha mzuri."

Waceke alibonyeza kitufe, maandishi madogo yakatokea kando ya picha. "Bwana Haron, filamu ilikuwa haisemi. Hii kamera ina mdomo. Imeandika hapa kwamba picha hii imepigwa na kamera yako. Imeandika tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, saa nane na dakika kumi mchana." Aligeuka akamtazama. "Tarehe kumi na moja ilikuwa Jumamosi. Ulitoka hapa saa sita ukiniambia huwezi kabisa kushika kitu kinachokimbia. Nikakuandikia kwenye karatasi. Nikakushika kidole nikakuonyesha pa kubonyeza."

Haron aliufuata mstari wa meza kwa ukucha wake. "Hicho kidole ndicho kilinitia matatani."

"Umekuwa ukijifanya mjinga tangu mwezi wa tatu?"

"Nilijifanya mwanafunzi." Alikohoa. "Somo la sita lilikuwa linakuja, Mwalimu. Niliona nikijua kila kitu nitapeana mkono na wewe hapo mlangoni, na basi. Kwa hiyo zile nzuri nikawa naziweka kando, nazipiga tena vibaya. Na si rahisi. Miaka thelathini na mmoja mkono umezoea kutotikisika. Inabidi nijitikise mwenyewe."

Waceke alitaka kukasirika. Aliutafuta ule uso wake wa mwalimu, haukuwepo pale alipouweka.

"Na wewe je?" Haron aliuliza polepole.

"Mimi nini?"

"Karatasi ya Westlands ilisema masomo sita. Somo la saba lilitoka wapi? Na flashi, Mwalimu. Flashi tumeisoma wiki tatu. Mimi nimetumia flashi tangu wewe uko darasa la nne. Nilikaa kwenye kiti hiki ukaniambia flashi ni kitu kinachotoa mwanga, nikaandika kwenye daftari."

"Uliandika kweli?"

"Niko nalo nyumbani. *Flashi ni kitu kinachotoa mwanga.* Nimepigia mstari."

Wakacheka wote wawili, kwa sauti ndogo, kwa sababu ya ule mlango. Kicheko kilipoisha hakuna aliyeondoa macho. Jua la dirishani lilikuwa limemfikia Waceke begani, na Haron alilitazama hilo bega kama mtu anayepima mwanga. Mkono wake uliokuwa mezani ulisogea, ukafika karibu na panya wa kompyuta, ukasimama hapo. Waceke angeweza kuusogelea. Kilikuwa kipande cha meza kisichozidi upana wa biskuti. Lakini nyuma ya mlango sindano ilikuwa ikienda, tiki, tiki, na wote wawili walikuwa watu wa haya. Wakafanya kile watu wa haya wanachofanya siku zote: wakarudi kazini.

"Kuna jambo moja la kweli sijui," Haron alisema, akiurudisha mkono. "Jumamosi ijayo nina harusi. Kinoo, kanisani. Ndiyo ya kwanza tangu niache filamu, na naogopa sana."

Sebuleni sindano ilisimama. Wao hawakusikia.

"Watu wangapi?"

"Mia tano. Kadi zangu ndizo hizi mbili."

"Kadi mbili hazitoshi, Bwana Haron. Tafuta nne. Upande wa mwanamume wawe na kadi zao, upande wa mwanamke zao, usije ukawachanganya."

"Na zikijaa?"

"Tunafuta. Tunaanza na wale wa mbali wasio na maana. Kama shangazi yuko mara saba, tunamwacha abaki mara moja tu."

"Na mama wa bibi harusi?"

"Mama tunamwacha. Ila kama amefunga macho."

"Akifunga macho?"

"Tunamfuta."

"Mama mzima?"

"Mama mzima. Bila huruma, ili wengine wapate nafasi."

Kitu kilianguka sakafuni sebuleni, halafu fimbo ikagonga, mara moja, mara mbili, na mlango ukasukumwa ukafunguka wote. Bi Wamucii alisimama hapo na kitambaa nusu kikining'inia mkononi.

"Waceke. Mimi ndiye nilikuzaa?"

"Mama? Ndiyo, Mama. Kwani kuna nini?"

"Harusi iko Jumamosi. Kinoo, mlangoni pangu. Watu mia tano wameshahesabiwa, kadi zimeshagawanywa, upande huu na upande ule. Na mimi ni wa kufutwa." Hakuwa akifanya mzaha. "Kwa sababu nilifunga macho. Na aliyenifunga amekaa hapo kwenye kiti cha baba yako nilichotoka nacho Kinoo."

Waceke alifungua mdomo aeleze habari za kadi. Lakini neno harusi lilikuwa limeshatamkwa ndani ya nyumba hiyo, kwa sauti, na mtu aliyekuwa na haki ya kulitamka, nalo likakaa katikati ya meza kama sufuria la moto ambalo hakuna anayejua aliweke wapi. Alimtazama Haron. Haron hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama.

"Mama," alisema, "naomba ile picha."

Hakungoja kujibiwa. Aliingia sebuleni, akaitoa picha ukutani kwa mikono miwili, akarudi nayo, akaigeuza. Nyuma ya fremu, kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai, kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa penseli: 36.

"Huu ni mwandiko wangu," Haron alisema. "Picha niliiona siku ya kwanza nilipoingia hapa, nikalitambua pazia letu. Mama, siku ile mlikuja mchana. Mzee wako alikuwa na viatu vipya, vinalia."

"Vililia kweli," Bi Wamucii alisema kabla hajajizuia. "Vililia mpaka Kinoo."

"Nyinyi mlikuwa wa mwisho kwenye filamu. Ya thelathini na sita. Nilisema usipumue, nikabonyeza, na nikaona. Niliona macho yako yakifunga. Ningeweza kusema. Lakini kutia filamu mpya kwa ajili ya picha moja, Kailash angenifukuza, na mimi nilikuwa na mwezi mmoja tu kazini tangu anipe kamera nishike. Nikawaambia asanteni, njooni Alhamisi." Aliiweka picha mezani. "Kila Jumamosi nimekuja hapa nikiwa na nia ya kukuambia. Nikifika mlangoni Mwalimu anafungua, nami nasahau nilichokuja kusema."

Bi Wamucii alikaa kwenye kiti cha karibu. Alimtazama Maina pale kwenye picha. Watu huandaa hasira miaka mingi, mtu akikubali kosa mara moja hawajui waiweke kwapa lipi.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Mimi nilidhani nimejifunga mwenyewe kwa ushamba. Maina alinicheka njia nzima." Alifuta pua kwa kile kitambaa cha kochi. "Haya. Hiyo mashine yako inasemekana haimalizi filamu. Nipige. Ukinifungua macho, utakaa ule ndengu hapa kama mtu. Usiponifungua, chukua kadi zako zote nne uende, na binti yangu umwache kama ulivyomkuta. Tumeelewana?"

Haron aliichomeka kadi kwenye kamera. "Tumeelewana, Mama."

"Waceke, sweta yangu ya maua. Iko kabatini, na usilichezee sana, limechoka."

Walimweka dirishani. Haron aliizima flashi ili isimshtue, akapiga goti moja chini, akainua kamera. "Moja, mbili, usipumue." Akatazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Amefunga. "Moja, mbili, usipumue." Amefunga. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akamwambia atazame mti wa nje, akamwambia atazame sikio lake. Bi Wamucii alijitahidi, meno yamekaza, lakini kila neno lilipotamkwa kope zilishuka zenyewe, kama mtu anayengoja daktari wa meno. Ya kumi. Ya ishirini. Jasho lilimtoka Haron kwenye paji. Waceke alisimama nyuma yake akihesabu. Thelathini na nne. Thelathini na tano.

"Moja, mbili, usipumue."

Amefunga.

Haron alishusha kamera. "Imekwisha," alisema, na safari hii hakuwa akizungumza habari za filamu. Mkono wake ulianza kunyooka kuelekea kikopo kilichokuwa mezani.

Waceke aliona shingo yake, pale nyuma ambapo kinyozi alikuwa amepitisha wembe asubuhi hiyo kwa ajili ya somo la mwisho. Akaona jinsi mabega yalivyokwisha kuondoka ingawa mtu mwenyewe bado amepiga goti. Na kitu ndani yake, kilichokuwa na adabu tangu Kampala, kilichoka na adabu.

"Haijaisha, Haron," alisema.

Hakusema Bwana. Alisogea, akaweka mkono wake begani kwake, wazi, mchana, mbele ya mama yake mzazi, na hakuuondoa. "Una nafasi ya mia nne. Piga moja zaidi. Na usimwambie asipumue. Mwache mama yangu apumue."

Bi Wamucii aliuona ule mkono. Aliuangalia kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko, akapanda nao mpaka kwenye uso wa binti yake, na alichokiona huko hakuwa amekiona kwa miaka kumi na mmoja. Macho yake yakafunguka wazi kuhakikisha.

Kamera ikalia, kidogo tu.

Waliiangalia kwenye kompyuta, wote watatu. Kope zote juu. Mdomo umefunguka kidogo upande mmoja, kama mtu aliyefumania watoto jikoni na bado hajaamua kama atawachapa. Ndani ya kila jicho, ukiikuza, kulikuwa na dirisha dogo, na ndani ya dirisha watu wawili.

"Huyu ni mimi?" Bi Wamucii aliuliza.

"Ni wewe, Mama."

"Kumbe nina macho ya Waceke."

"Ni Waceke ana yako," Haron alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa jina. Lilimtoka vizuri, kama alikuwa amelifanyia mazoezi mahali.

Bi Wamucii aliigusa picha hiyo kwenye kioo cha kompyuta. Halafu akainuka kwa fimbo yake, akaichukua ile ya zamani mezani, akampangusa Maina vumbi kwa mkono wa sweta. "Hii mtaitundika palepale, na hiyo nyingine kando yake. Wageni wajue nani alitangulia." Alielekea jikoni. Mlangoni akasimama. "Waceke, ongeza maji kwenye ndengu. Na wewe, Haron, hizo kadi."

Haron aliona aibu. "Mama, tulikuwa hatujapata nafasi ya kukueleza. Zile kadi ni za kamera. Zinawekwa ndani, zinashika picha. Harusi ya Kinoo ni ya watu wengine."

"Najua ni za kamera," Bi Wamucii alisema. "Nimekaa kwenye huo mlango Jumamosi kumi, hata flashi naijua sasa, ni kitu kinachotoa mwanga. Leo mlinipiga chenga kidogo, lakini nilipokaa hapo kitini nilikuwa nimeshaelewa." Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na mkono uliokuwa bado begani. "Mimi nimeuliza zile za kualika watu. Zinachapishwa lini?"